Shikamoo ya Pili

Nimehama miji mingi, na kila nilikokaa nimejikuta napunguza mwendo mbele ya shule ya msingi. Hata nikiwa na mzigo kichwani, hata lori likiwa linaniita kwa honi, nikisikia watoto wanaimba jedwali la saba lazima nisimame kidogo. Watu hudhani nina mtoto anasoma pale. Sina. Nasikiliza kama nitaisikia sauti ya mtu mmoja, na nikiikosa naendelea na safari uso umeniwaka moto, kama mtu aliyefumaniwa.

Nilikuwa kidato cha nne. Tulikaa Mwenge wakati nyumba zenyewe bado zinanuka saruji, na soko la vinyago halijawa soko. Baba yangu na wenzake wachache kutoka kusini walikuwa na banda la makuti kando ya barabara ya Bagamoyo, wanachonga mpingo toka asubuhi. Sisi watoto tulizoea kulala na vumbi lake jeusi kwenye nywele.

Mkuu wa shule yetu, mama mkali aliyependa hesabu kuliko sala, alikuwa na wazo lake. Chuoni, kule kilimani, palikuwa na masomo ya jioni kwa wafanyakazi. Makarani, wauguzi, watu wa bandari, walikuja baada ya kazi kusoma somo la takwimu, lilelile la mwaka wa kwanza, na mwishoni walifanya mtihani uleule wa wanachuo. Mkuu wetu akaenda kumwuliza mhadhiri: kama karani anaweza, kwa nini binti wa kidato cha nne mwenye kichwa asiweze? Mhadhiri akasema alete tuone. Tukachaguliwa wawili. Mwenzangu hakwenda hata mara moja, maana baba yake alisema masomo ya jioni ni ya wanawake wa mjini.

Baba yangu naye alikuwa amekwisha kataa.

"Darasa linatoka saa ngapi?"

"Magharibi, baba."

"Basi hilo si darasa."

Aliyenifungulia njia ni mwalimu wangu wa zamani. Alinifundisha hesabu shule ya msingi, toka darasa la tatu mpaka la saba. Alikuwa mtu wa bara, kutoka milimani, Mkristo, mrefu, mwenye mwandiko ambao hata wazazi wasiojua kusoma walisimama kuutazama ubaoni. Aliposikia habari yangu alikuja mwenyewe bandani kwa baba.

"Mzee, mie nasoma darasa hilohilo. Nitakwenda naye, nitarudi naye mpaka mlangoni."

Baba akaweka tezo chini. "Wewe unasoma? Nani wa kukufundisha wewe?"

Mwalimu akacheka. "Wapo, mzee. Wapo wengi."

"Haya. Kama ni pamoja na wewe, hata angekuwa anakwenda Ulaya."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kusoma chuo huku nimevaa sare ya sekondari. Siku za darasa mwalimu alinipitia, amebadili shati, kalamu mbili mfukoni. Njiani alitembea mbele nami nyuma na mkoba wake, kwa sababu sikuweza kumwacha mwalimu wangu abebe mkoba. Alinikataza, nikaendelea kuubeba, akaacha kunikataza. Wakati wa kurudi alinunua mihogo ya kuchoma yenye pilipili, akaigawa, kipande kikubwa akanipa mimi.

Mhadhiri alikuwa kijana aliyerudi karibuni kutoka ng'ambo, na siku ya kwanza alitangaza kwamba mle ndani hakuna bwana wala mwalimu, wote ni ndugu. Watu wakafurahi. Karani wa bandari, mtu wa masihara, alinipa jina papo hapo: Ndugu Mtoto. "Ndugu Mtoto, ebu nionyeshe jibu lako, mie nina wake wawili, sina nafasi ya kusoma." Wote waliniita hivyo isipokuwa mwalimu, aliyeniita mwanangu. Na wote walimwita yeye ndugu, isipokuwa mimi. Mhadhiri akiniambia, "Mpe ndugu yako hapo karatasi," nilisimama, nikampa mwalimu kwa mikono miwili, na darasa zima likacheka. Yeye hakucheka. Alipokea kwa mikono miwili pia.

Alikuwa na sababu ya kutocheka. Elimu yake ilikuwa darasa la nane na chuo cha ualimu. Wakubwa wake walikuwa wamemwambia akipita mtihani ule ataruhusiwa kwenda chuoni moja kwa moja, asome mchana kama wengine, atoke na shahada afundishe sekondari. Asipopita, nafasi hiyo ni ya mwingine, naye umri ulikuwa umekwenda. Aliniambia hayo mara moja tu, tukiwa tunateremka kilima, kisha akaniuliza kama mhogo umeiva.

Nami niliona mapema tatizo lake liko wapi. Halikuwa akili. Lilikuwa kile alichotufundisha sisi wote: andika tarehe, piga mstari kwa rula, andika swali lote kabla ya jibu, onyesha kila hatua, pigia jibu mistari miwili. Aliwahi kunichapa viganja kwa kurukia jibu. Darasani kilimani mazoezi yake yalikuwa mazuri kama kitu cha kutundika ukutani, na hayakuisha. Mhadhiri alipokuwa anafuta ubao mwalimu alikuwa bado anachora jedwali. Mimi nilirukia majibu. Nilijifunza kurukia hapohapo karibu yake, nikiwa nimekinga kwa mkono ili asione ninavyochafua karatasi.

Siku ya mtihani tulikaa ukumbi mmoja. Karani wa bandari alikuwa anapiga ishara ya msalaba ingawa alikuwa Mwislamu. Nilimaliza mapema, nikainua kichwa, nikamwona mwalimu safu ya mbele, mgongo umenyooka, rula mkononi. Alikuwa anapiga mstari. Nikainamisha uso, maana kumtazama ilikuwa kama kumchungulia mtu mzima anaoga.

Tulipotoka alisema, "Maswali mazuri sana. Laiti muda ungekuwa mrefu kidogo." Mihogo alinunua kama kawaida.

Majibu yalibandikwa kwenye ubao wa idara kwa namba za mtihani. Siku hiyo mwalimu alikuwa na zamu shuleni kwake, nami nilipita kilimani mchana baada ya kuruhusiwa. Namba yangu niliiona haraka. Ya mwalimu nilikuwa naijua kama yangu, kwa sababu tulijiandikisha pamoja, zilifuatana. Chini ya yangu palikuwa na namba ya mtu mwingine. Nilisoma ubao ule kuanzia juu, halafu kuanzia chini, halafu nikaweka kidole. Karani wa bandari alinikuta hapo. Naye alikuwa amepita, hata leo sijui kwa njia gani.

"Ndugu Mtoto! Tumewapiga!" Kisha akafuata kidole changu. "Mzee wako?" Akavua kofia. "Basi hiyo, mdogo wangu, sikukuona na hukuniona."

Nilirudi Mwenge nikipanga maneno. Nilikusudia nimwambie mama faraghani, mama amwambie baba, baba akamtafute mwalimu kistaarabu, wakubwa kwa wakubwa. Lakini mama alikuwa mlangoni na majirani.

"Umepata?"

"Nimepata, lakini mama..."

Hakuisikia lakini. Alipiga kigelegele kilichotoa watu ndani ya nyumba zao. Balozi wetu wa nyumba kumi akaja anafunga shuka. Baba akatoka bandani na wenzake, mwili mzima vumbi, akanishika kichwa kwa mikono yote miwili kama anapima gogo. Mtu akaenda kuchukua ngoma.

"Baba, naomba niseme kitu kuhusu mwalimu."

"Utasema hukohuko kwake. Tunakwenda sasa hivi. Tutakaaje hapa tunachekelea, na aliyekufundisha hajui?"

Kwetu ndivyo ilivyokuwa. Furaha ya mtoto haianzii nyumbani. Mtoto akitoka jandoni au akihitimu Kurani, hupelekwa kwanza kwa aliyemfunza, na ngoma na zawadi, ndipo watu wanaruhusiwa kula. Baba hakuwahi kusoma hata darasa moja, ila hilo alilijua kuliko jina lake.

Nikamvuta shangazi, dada yake baba, nyuma ya nyumba. Nikamnong'oneza kwamba mwalimu hakupita.

Alinifinya mkono. "Shika adabu yako. Mwalimu asipite, upite wewe? Nani kamfundisha nani?"

"Shangazi, nimesoma ubao wote."

"Umesoma vibaya. Na usirudie tena kulitamka hilo mbele za watu, wewe binti."

Na kwa kweli, wakati msafara unaondoka, nilianza kuamini kwamba nimesoma vibaya. Ilikuwa rahisi kuamini. Watu wote wazima niliowajua walikuwa upande huo.

Tulikwenda kwa miguu mpaka Sinza alikokaa mwalimu, ngoma mbele, wanawake nyuma yake, mimi katikati nimevishwa kanga mpya juu ya sare. Baba alibeba kinyago. Kilikuwa kile cha watu waliobebana, mmoja juu ya mabega ya mwingine mpaka kileleni, alichokichonga msimu mzima, na Mzungu mmoja alikuwa amekwisha kiwekea ahadi. Balozi alitangaza kwa kila aliyeuliza njiani: "Chuo! Sare ya sekondari, mtihani wa chuo! Mtoto wa kata yetu!"

Mwalimu alitusikia kabla hajatuona. Tulipofika alikuwa amesimama kizingitini, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingo, chaki bado kwenye vidole. Mkewe alikuwa anafuta mikono kwenye kitenge. Na nikaona usoni pake kitu ambacho sikuwa nimekifikiria njia nzima. Alikuwa anacheka. Hakuwa amekwenda kuangalia ubao, na sasa anaona ngoma inakuja mlangoni kwake.

"Kumbe yametoka!" akasema.

Nikapiga goti. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba! Marahaba, mwanangu! Inuka, inuka."

Baba alimpa kinyago kwa mikono miwili. "Mwalimu, mie sina maneno. Huyu wa chini kabisa, aliyebeba wenziwe wote, ni wewe. Tumekuja kukushukuru."

"Wameshinda!" balozi akapaza sauti. Hakuna aliyemwambia aseme hivyo. Alijisemea tu, kwa sababu kwake haikuwezekana vinginevyo. "Mwalimu na mwanafunzi wake, wote wawili!"

Mke wa mwalimu akapiga kigelegele cha kwao, kirefu, tofauti na cha kwetu. Wanawake wakampokea. Mwalimu alikumbatia kile kinyago, machozi yanamtoka, na hakuyafuta. Sijawahi tangu siku hiyo kumwona mtu amefurahi kiasi kile, na ninaomba nisimwone.

Kisha aliinama kwangu. Alikuwa mtu wa hesabu. Alitaka hatua zote.

"Mwanangu. Namba yangu umeiona kwa macho yako?"

Ngoma ilikuwa imepungua kidogo. Waliokuwa karibu wakasogea wasikie. Baba ananitazama, shangazi ananitazama. Sikuweza kusema nimeiona. Kusema sikuiona, mbele ya mkewe na kata nzima, mtoto juu ya mtu mzima, mdomo wangu haukuwa na njia hiyo. Magoti yakajikunja yenyewe.

"Shikamoo, mwalimu," nikasema.

Watu wakacheka. "Furaha imemchanganya!" balozi akasema. "Si umeshamwamkia sasa hivi, wewe?"

Mwalimu hakucheka. Alibaki ameinama, ananitazama kwenye utosi. Mtu haamkiwi mara mbili na mtoto yuleyule mlango uleule, kila mtu anajua, nami nilikuwa mtoto wa adabu. Niliona miguu yake haijasogea. Niliona chaki ikidondoka unga kutoka vidoleni.

"Marahaba, mwanangu," akasema, polepole sana.

Kisha akanyooka, akageuka kwa mkewe. "Mama, toa mkeka. Wageni wamesimama."

Akatukaribisha. Akatuma soda. Alikaa na baba, akawasimulia watu nilivyokuwa darasa la tatu, nilivyokuwa nahesabu kwa vidole vya miguu, wakacheka mpaka balozi akajimwagia soda. Alitaja jina langu mara nyingi na lake hakulitaja. Mkewe alimtazama mara moja kutoka mlangoni, akaacha kupiga vigelegele, akawa anaokota chupa tu. Tulirudi jua likiwa bado lipo. Baba alisema hajaona mtu mnyenyekevu kama yule.

Baada ya hapo watu wa Sinza na Mwenge walimpongeza njiani kwa majuma mengi. "Hongera, mwalimu! Lini unaanza?" Naye alivua kofia, akasema, "Tunashukuru, tunashukuru." Nilikuwa napita barabara nyingine ili nisikutane naye. Siku moja nilibanwa dukani kwa ushirika, kwenye foleni ya sukari, na karani wa duka akampa mkono mbele yangu. Mwalimu alisema tunashukuru, akanitazama, akanipisha mbele yake kwenye foleni. Chai ya sukari ile sikuweza kuinywa.

Baba alipata habari kamili kwa balozi. Alikaa bandani siku nzima hakuchonga. Jioni aliniuliza, "Ulijua?" Nikasema nilijua. Akasema, "Nami nilimpigia ngoma." Hakulizungumza tena mpaka anakufa.

Mwisho wa mwaka mwalimu alihamishiwa kusini, kijiji cha ujamaa huko njia ya Masasi. Aliondoka likizo, watu hawapo. Nami nikafanya mtihani wa kidato cha nne, na hapo nikaanguka. Jioni zangu zote nilikuwa nimezitia kwenye takwimu. Historia, Kiingereza, kemia, zote nilizifanya kama mtu anayejibu salamu za mtu mwingine. Jina langu halikuwemo kwenye orodha ya waliochaguliwa kidato cha tano. Cheti cha chuo, karatasi moja ya somo moja, hakikuwa mlango wa kitu chochote. Mtu asiye na kidato cha sita hajui akiweke wapi. Nilikiacha kwenye sanduku la mama. Nikaanza kutembea: Tanga, Mwanza, Mbeya, mgahawa wa stesheni, duka la vitambaa, mwishoni biashara yangu mwenyewe ya kanga. Kila mji niliupenda mpaka watu walipoanza kuniuliza nimesoma wapi.

Ndipo mwaka mmoja lori la korosho likaharibika njia ya Masasi, likatuacha kando ya shule. Nilikuwa nimepita thelathini. Watoto walikuwa wanaimba jedwali. Nikasimama kama kawaida yangu, mzigo wa kanga kichwani, na safari hii sauti iliyokuwa inawasahihisha ilikuwa ndiyo yenyewe.

Alikuwa na mvi. Alikuwa mwalimu mkuu, shule ya madarasa machache yenye paa la bati na bustani ya mihogo. Nilitua mzigo mlangoni, nikapiga goti.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Alinikazia macho, kisha akacheka kicheko kile cha kizingitini, Sinza. "Mwanangu! Ingia, ingia ndani."

Juu ya kabati la vitabu palikuwa na kinyago cha baba. Kilikuwa kinang'aa kwa kushikwa. Mwalimu akawageukia watoto, mkono mmoja begani kwangu.

"Simameni. Mnamjua huyu? Huyu wa juu kabisa, ninayewaambia kila mwaka? Aliyesoma chuo akiwa na sare ya sekondari? Ndiye huyu. Leo amekuja mwenyewe. Huyu ni profesa huko Dar es Salaam."

Watoto wote wakasimama. Wakanitazama kanga niliyovaa, na miguu yangu yenye vumbi, na mzigo mlangoni. Hawakuona kasoro. Mwalimu amesema, basi ndivyo. Mmoja akaanza kupiga makofi, wengine wakamfuata.

Mwalimu akaniinamia, uso wote umewaka. "Waambie, mwanangu. Unafundisha nini siku hizi? Takwimu?"

Nilitafuta maneno. Ya uongo yalikuwepo, mepesi, na hakuna mtu mle ambaye angejua. Ya kweli yalikuwepo pia. Watoto wakaacha kupiga makofi ili wasikie. Nikaona magoti yangu yanajikunja, kwenye sakafu ile ya udongo, na sikuyazuia.

"Shikamoo, mwalimu."

Watoto wakacheka, wakaibana midomo. Mkono wake ulikuwa bado begani kwangu. Nilihisi ukawa mzito, ukatulia, haukuondoka.

"Marahaba, mwanangu," akasema, polepole sana.

Kisha akawageukia watoto.

"Mmoja alete kiti. Mgeni amesimama."